Yuniti 17 zilizonigharimu mwaka mzima

Aprili mwaka jana dada yangu alinipigia simu saa tano usiku nikiwa kazini. Binti yake alikuwa amepata majibu ya vyuo. Kimoja ni chuo kikuu cha binafsi nje ya California, kilichomwandikia barua nzuri ya kumpongeza. Ukiondoa ufadhili waliompa, familia ilibakiwa na dola 27,000 za kulipa kila mwaka. Kingine ni komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, iliyo dakika kumi na tano kutoka kwao. Shemeji alishaamua: mtoto anakwenda chuo kikuu, mkopo atachukua yeye. Dada alitaka niongee na mtoto. Nikamjibu kwamba wa kuongea naye kwanza ni baba mtu.

Mazungumzo ya aina hiyo hufanyika kila Aprili katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Marekani, na sisi wazazi, mama wadogo na wajomba tunayaingia tukiwa na picha ya nyumbani kichwani. Kwetu Tanzania anayepitia diploma mara nyingi ni yule ambaye matokeo ya kidato cha nne au cha sita hayakumfikisha moja kwa moja chuo kikuu. Anasoma diploma yake, akipata GPA inayotakiwa anaomba chuo kikuu, na akifika huko kwa kawaida anaanza mwaka wa kwanza bega kwa bega na waliotoka kidato cha sita. Diploma imemfungulia mlango, lakini haikumpunguzia safari. Ndiyo maana shemeji aliposikia neno "koleji" alisikia miaka miwili ya kupotea. Alisikia pia maneno ya watu: mtoto wa fulani kashindwa.

Hapa mfumo ulijengwa kwa nia nyingine tangu mwanzo. Koleji ya kwanza ya umma ya namna hii ilianza mwaka 1901 mjini Joliet, Illinois, na wanafunzi sita. Wazo lilikuwa la mkuu wa sekondari ya pale na rais wa Chuo Kikuu cha Chicago: kijana asome miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu akiwa kwao, kisha aende akamalizie. Mwaka 1960 California ikaliingiza wazo hilo katika mpango wake mkuu wa elimu ya juu, na leo jimbo lina koleji 116. Anayehama vizuri kutoka huko anaingia chuo kikuu mwaka wa tatu, na shahada anayopewa mwishoni ni ile ile wanayopewa walioanzia hapo hapo.

Upande wa fedha sina haja ya kurefusha. Masomo hapa hupimwa kwa yuniti, na yuniti moja kwenye koleji za California ni dola 46 kwa mkazi wa jimbo, na bei hiyo haijapanda tangu 2012. Yuniti 30 za mwaka mzima ni dola 1,380, na familia za kipato kidogo hufutiwa hata hizo. Ada ya UC (Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi nyingi) kwa mkazi ni zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka, ya CSU (mfumo wa pili wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo) ni zaidi ya 6,000, na hapo hujagusa chumba wala chakula. Mwenye kadi ya kijani au uraia akijaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, na kupata Pell nzima, ruzuku isiyorudishwa ya dola 7,395 kwa mwaka, koleji inalipika na kinabaki cha vitabu na nauli.

Kwa hesabu hiyo peke yake ningekuwa nimemaliza, koleji imeshinda. Lakini mimi nilipita huko, na kuna jambo ambalo hesabu ya ada hailionyeshi.

Nilikuja nikiwa na miaka 24. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa CNA, msaidizi wa wauguzi, katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na siku zangu za mapumziko zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Basi nikasoma masomo ya Jumanne na Alhamisi. Mshauri aliyenisajili muhula wa kwanza aliniuliza swali moja tu: unafanya kazi saa ngapi kwa wiki? Hakuniuliza nataka kufika wapi, na mimi sikujua kwamba hilo ndilo swali. Nilipata A na B. Nilijiona nakwenda vizuri sana.

Miaka mitatu baadaye nikapokelewa chuo kikuu kusomea uuguzi, na baada ya wiki chache ikaja karatasi ya tathmini ya masomo yangu. Ilikuwa na safu tatu: jina la somo, yuniti, na mahali somo lilipoingia kwenye shahada. Masomo matano yalikuwa na neno moja tu katika safu ya tatu: hiari. Jumla yake yuniti 17. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye gari nje ya kazi, nikadhani hiari ni jambo jema. Kesho yake ndipo nikaeleweshwa: yamepokelewa, yamo kwenye jumla, ila hayajazi nafasi hata moja inayodaiwa na shahada yako. Kemia niliyosoma ilikuwa ya wasiosomea sayansi, haina maabara, na wauguzi wanatakiwa ile yenye maabara. Nilirudia kemia. Nilikaa mwaka mzima zaidi, kwa bei ya chuo kikuu, kuyafidia masomo niliyoyachagua kwa kuangalia kalenda ya zamu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "usijali, yuniti zote zinahama", namsimamisha hapo hapo. Kuhama zinaweza kuhama. Muulize zinaingia wapi.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu, GAO, ilitoa ripoti ikikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya yuniti zao. Na walio wengi hata huko kwenye kuhama hawafiki. Wanaoingia komyuniti koleji wakisema wanataka shahada ya kwanza ni kama wanane kwa kila kumi. Wanaohama kweli kwenda chuo cha miaka minne ni karibu theluthi moja ya walioanza, na ndani ya miaka sita wanaoshika shahada ni kama 16 kwa kila 100. Namba hizi ziliniuma nilipozisoma, kwa sababu najua sura zilizo nyuma yake. Nilisoma na akina mama wenye akili kunizidi ambao muhula mmoja gari liliharibika, muhula uliofuata mtoto akaugua, na hawakurudi tena.

Basi msimamo wangu ni huu: usimpeleke mtoto koleji mpaka mjue anakwenda kumalizia chuo kikuu gani na fani gani, na kila somo atakalosajili lipimwe kwa huko. Kama hajui fani, sawa, yuko na miaka 18, lakini achague angalau mwelekeo, sayansi au biashara au jamii, maana hesabu anayoanza nayo muhula wa kwanza inaamua mengi.

Nieleze hapo kwenye hesabu, kwa sababu binti wa dada anataka uhandisi wa ujenzi na ndipo nilipolielewa vizuri. Masomo ya uhandisi yamefungwa kama mnyororo. Huwezi kusoma fizikia ya wahandisi kabla ya kalkulasi ya kwanza. Kalkulasi ya pili inangoja ya kwanza, ya tatu inangoja ya pili. Fizikia nayo ina sehemu zake zinazofuatana, na kwenye koleji ndogo sehemu nyingine hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Ukikosa nafasi Septemba unasubiri Septemba nyingine. Mtoto aliyewekwa hesabu ya chini wakati angeweza kuanza na kalkulasi ameshapoteza mwaka kabla hajafungua daftari. Wanaosema "miaka miwili koleji, miwili chuo kikuu" hawajapanga masomo ya mhandisi. Wengi wanakaa koleji miaka mitatu, na familia ijue hilo mapema ili isimwite mtoto mvivu.

California ina tovuti ya umma iitwayo ASSIST. Unachagua koleji yako, chuo kikuu unachokilenga na fani, nayo inakuonyesha somo kwa somo: hili la hapa linahesabika kama lile la kule, na hili halina mwenzake. Ni bure na haihitaji hata kujisajili. Ningeijua mwaka ule nisingesoma kemia mara mbili. Kuna pia TAG, ahadi ya maandishi ya kupokelewa, inayotolewa na kampasi sita za UC: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Maombi yake ni Septemba peke yake, mwaka mmoja kabla ya kuhama, na baadhi ya fani hazimo, hivyo lazima usome masharti ya kampasi yenyewe. Aliye nje ya California hatakuta ASSIST, ila kuna mikataba baina ya koleji na chuo kikuu fulani, kama ule wa ADVANCE kati ya koleji ya NOVA na Chuo Kikuu cha George Mason kule Virginia. Aiombe kwa maandishi siku ya kwanza. Maneno ya mdomo ya mtu wa dirishani hayatakusaidia miaka miwili baadaye, atakuwa ameshahama kazi.

Na Pell nayo ina mwisho. Kikomo chake ni mihula 12 ya kusoma muda wote katika maisha yako. Kila muhula wa masomo ya "hiari" unakula humo humo.

Je, kuna mtoto ambaye ningesema aende chuo kikuu moja kwa moja? Yupo. Aliyepewa ufadhili unaofunika karibu gharama zote aondoke, tena haraka, kwa sababu ufadhili mwingi mkubwa hutolewa kwa wanaotoka sekondari tu, na ukiingia kwa kuhama kutoka koleji dirisha hilo limeshafungwa. Ipo misaada ya wanaohama, kama ule wa Jack Kent Cooke unaofika dola 55,000 kwa mwaka, lakini wanaoupata ni wachache mno nchi nzima.

Yupo pia mtoto ambaye nyumbani hawezi kusoma, na hapa naomba wazazi wenzangu wanivumilie. Mara nyingi ni binti wa kwanza. Ndiye anayempeleka bibi hospitali kwa sababu Kiingereza anacho. Ndiye anayejaza fomu za bima, anayewachukua wadogo zake shuleni saa tisa, anayepika mama akiwa zamu. Tukisema "akae nyumbani tuokoe pesa", mara nyingi tunaokoa pia mlezi na mkalimani, na hatulisemi. Saa zake za maabara zinaliwa kidogo kidogo mpaka anaacha somo moja, halafu mawili. Ukiamua mtoto abaki, mpe saa zake, ziandikwe, na mtu mwingine ampeleke bibi. Kama hilo haliwezekani, afadhali alipe chumba cha chuo.

Kwa shemeji nilikwenda Jumapili. Sikumwonyesha makala wala namba. Nilibeba karatasi yangu ya tathmini, bado ninayo, nikamweleza neno hiari. Kisha tukazungumza ule mkopo wa wazazi aliotaka kuuchukua, Parent PLUS. Alidhani mtoto akipata kazi deni litakuwa la mtoto. Ni deni la mzazi, kwa jina la mzazi, na yeye ana miaka 54. Kuanzia Julai 2026 serikali imeuwekea kikomo kwa wakopaji wapya, dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja, na naogopa pengo linalobaki wazazi watakwenda kulizibia kwenye mikopo ya mabenki. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza: "Mama mdogo wake, una hakika hatakwama huko?" Nikamwambia ukweli, kwamba hakika sina, lakini nitakaa naye kila muhula kabla hajasajili.

Na ndivyo tunavyofanya. Binti amelenga Davis. Tulichapisha ukurasa wake wa ASSIST, ukabandikwa kwenye friji la mama yake. Kila somo analolimaliza analikata kwa kalamu nyekundu. Wadogo zake wanaujua ukurasa ule kuliko ratiba yao ya shule. Muhula huu amekata kalkulasi ya tatu, na baba yake ndiye aliyepiga picha na kuituma kwenye grupu la WhatsApp la familia.

Fizikia inayofuata ina darasa moja tu, Jumatatu na Jumatano saa mbili asubuhi, na hana gari. Mimi natoka zamu saa moja. Nitampitia.