Wao ramu wanaionea fahari, sisi gongo tunaifukuza

Hapa Bristol, Uingereza, ninakoishi, ukiingia duka la kawaida la pombe utakuta ramu ina ukuta wake. Chupa zimepangwa kwa visiwa: Barbados huku, Jamaika pale, Martinique juu kidogo. Kila moja imeandikwa ilikopikiwa, asilimia ya kilevi na mara nyingi miaka iliyolala ndani ya pipa la mti. Mtu wa Mwanza akisimama mbele ya ukuta ule, huku akijua ramu ni kitu gani, lazima aumie. Ramu ni pombe ya miwa, aghalabu ya molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki sukari ikishatolewa. Inachachushwa, inachemshwa, mvuke unapozwa na kukingwa. Kazi hiyohiyo inafanyika Igoma, Buhongwa na kwenye mialo ya Ukerewe. Tofauti ni kwamba kwetu anayeifanya anatafutwa na polisi.

Niseme mapema ninachokiamini. Gongo, pombe kali inayopikwa kienyeji mitaani kwetu, ipewe njia halali, na njia hiyo ianzie kwa akina mama wanaoipika, siyo kwa mwenye kiwanda.

Ramu haikuzaliwa na heshima. Kwenye mashamba ya Barbados ya miaka ya 1600, waliokata miwa na kukesha kwenye matanuri walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa, na kinywaji kilichotokana na masalia ya sukari kilipewa jina la "muua shetani". Mji huu wa Bristol ulitajirika kwa biashara hiyo ya watu na sukari. Tarehe 7 Juni 2020 wananchi waliing'oa sanamu ya Edward Colston, aliyefanya biashara ya watumwa, wakaiburuta hadi bandarini na kuitosa majini. Kwa hiyo simsifii mtu kwa usafi wa historia ya ramu, maana haupo. Ninachokisifu ni kwamba wajukuu wa watu wale waliikamata kazi ya mikono ya mababu zao, wakaifanya mali yao. Mwaka 2016 Jamaika ilisajili rasmi jina la ramu yake, ili asiyefuata utaratibu wa kisiwa asilitumie.

Jirani yangu ni bibi wa Kijamaika. Chupa yake ya ramu nyeupe, asilimia 63, inakaa kabati moja na dawa. Mjukuu akishikwa na mafua anasuguliwa kifuani. Jamaa wakipata msiba, usiku wa tisa watu wanakusanyika, wanaimba, wanacheza dhumna, wanakula samaki wa kukaanga, na kabla ya kunywa mtu anamwaga kidogo chini kwa ajili ya marehemu. Nilipokaa nao usiku wa namna hiyo nilijiona niko matangani Usukumani. Ila pale hakuna aliyeshtuka mlango ulipogongwa.

Mtaani kwetu Mabatini, Mwanza, alikuwepo mama tuliyemwita Mayu, kama tulivyowaita wote wa rika lake. Pipa lake lilikaa juu ya mafiga, mdomo umezibwa kwa udongo, bomba la shaba likitoka ubavuni na kupita kwenye karai kubwa la maji baridi, ambayo sisi watoto tulitumwa kuyabadilisha yakishapata moto. Kikombe cha kwanza alikimwaga, hakumpa mtu. Baadaye alikinga kijiko, akawasha kiberiti. Mwali ukiwa wa bluu na umetulia, gongo imekubali. Ukisitasita na kuzimika, maji yamezidi, haiuzwi. Nimekuja kusoma kwamba mabaharia wa Kiingereza walikuwa wanalowesha baruti kwa ramu, kisha wanaiwasha. Ikishika moto, kilevi kinatosha, na kiwango hicho kikaja kuhesabiwa kuwa asilimia 57 hivi. Kipimo chao kiliingia kwenye sheria na kodi za Uingereza. Cha Mayu kilimfanya alale mahabusu, wakati ada za wanawe zilitoka kwenye pipa lilelile.

Najua jibu linalokuja: gongo inaua. Kweli, watu wamekufa na wengine wamepofuka. Lakini tuulize kinachoua. Kwenye misiba ile ya watu wengi kwa mkupuo, sumu ni methanoli, na nafaka au sukari iliyochachushwa na kupikwa vizuri hutoa methanoli kidogo sana. Mara nyingi maafa hutokea pale mtu anapochanganya spiriti ya viwandani ili mzigo uongezeke. Anathubutu kwa sababu biashara nzima iko gizani: chupa haina jina, dumu halina mwenyewe, na mnywaji akidhurika hana pa kwenda kushtaki bila kujishtaki. Mapipa yaliyobeba kemikali yanatumika kupikia kwa sababu hiyohiyo, hakuna mkaguzi anayeweza kubisha hodi kwa amani.

Kuna madhara mengine ambayo leseni haitayaponya, wala siyafichi. Nimewaona wavuvi wa dagaa wakimaliza pesa ya usiku kucha kabla ya saa sita mchana, mke yuko nyumbani na sufuria tupu. Lilinikera na linanikera. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017 niliunga mkono, maana mtoto wa shule alikuwa anaweza kuzificha kwenye soksi. Lakini huku Uingereza muuzaji anamdai kijana kitambulisho kwa sababu ana leseni ya kupoteza. Mwenye kuuza kwa kujificha hana cha kupoteza zaidi ya dumu, kwa hiyo umri wa mteja haumhusu.

Jirani zetu wa ziwa hili wamejaribu. Uganda miaka ya 1960 iliweka utaratibu wa wapikaji wa enguli, gongo ya kwao, kupata leseni na kuuza kiwandani, ambako iligeuzwa kuwa Uganda Waragi. Kenya ilihalalisha chang'aa, gongo ya huko, mwaka 2010, lakini kwa masharti ya mitambo na chupa za vioo ambayo mama wa kijijini hakuyaweza, hivyo wapikaji wengi wakabaki walipokuwa, vichochoroni. Sheria yetu ikiandikwa kwa kipimo cha tajiri, Mayu atabaki nje tena na faida itahama mtaa.

Mwanza tuna mfano wetu. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii, wakiwa na viongozi kama Paul Bomani, walichoka kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi, wakajenga vyama vya ushirika vyenye mizani zao, na baadaye gineri zao, yaani viwanda vya kuchambua pamba. Gongo ingeweza kupita njia hiyo: mama anapika kwake, anapeleka kituoni, inapimwa, inalipiwa kwa asilimia ya kilevi, inapikwa upya kwa pamoja, inawekwa kwenye chupa yenye jina la Ukerewe au Magu. Yenye sumu inamwagwa na aliyeileta anajulikana. Molasi haiko mbali, kiwanda cha sukari kiko Kagera.

Wenye dini watanikatalia, nami nawaheshimu. Mtaa usiotaka kituo usiwekewe. Ila wabunge wa kanda ya ziwa wasitulie kana kwamba kukataza kumefanya kazi, maana jioni hii tu dumu linavuka na mtumbwi kwenda visiwani bila mtu yeyote kujua ndani yake mna nini. Kipimo cha kilevi ni kijiti cha kioo kinachoelea kwenye pombe, na bei yake si kubwa. Tuanze na kituo kimoja cha majaribio Nansio, mji wa Ukerewe, mkemia mmoja, na binti za Mayu, ambao bado wanapika, wakiwa wa kwanza kwenye daftari.