Tairi la akiba la saizi kamili kwenye pikapu mpya: lilipiwe au liachwe?

Anayeagiza pikapu mpya siku hizi, awe mfanyabiashara wa viazi wa Uyole, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi au mradi wenye ofisi Iringa mjini, anaweza kukuta kwenye profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, mstari ambao miaka ya nyuma usingekuwapo: tairi la tano linalipiwa peke yake. Kwa baadhi ya magari, tairi la akiba lenye saizi sawa na manne yanayotembea limeacha kuwa sehemu ya gari na limekuwa nyongeza ya hiari. Asiyelipia hupewa tairi jembamba la muda, au chupa ya dawa ya kuziba pancha pamoja na pampu ndogo inayochomekwa kwenye soketi ya sigara. Wengi huupitia mstari huo haraka, wakiwa wameshachoshwa na hesabu za kodi na usafirishaji, na uamuzi unafanyika kwa kutofanyika.

Hoja za watengenezaji si za kupuuzwa. Tairi la 265/65R17 (upana wa milimita 265, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17), saizi ya kawaida kwenye pikapu za kati, likiwa na rimu ya chuma lina uzito wa kilo 30 na ushei. Mzigo huo unabebwa na kuchoma mafuta kila siku kwa ajili ya tukio ambalo mwenye gari la mjini anaweza kumaliza mwaka asilione. Chini ya bodi nako nafasi inagombewa na tangi la mafuta, mfumo wa moshi na, kwa magari ya umeme, betri. Tena, tusidanganyane, tairi lililoondolewa ni bei iliyoshushwa kwenye tangazo.

Matairi yenyewe yamebadilika. Tairi la tyublesi likichomwa na msumari huvuja polepole mara nyingi, tofauti na lile la tyubu lililokuwa likiishiwa upepo ghafla, hivyo dereva huongeza upepo na kusogea hadi kwa fundi. Na kwenye barabara kuu ya TANZAM, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia, fundi hayuko mbali. Kuanzia Tunduma, Vwawa na Mlowo, kupitia Mbalizi, Uyole, Chimala na Igawa hadi Makambako na Mafinga, ni nadra kupita kituo cha biashara usikute tairi kuukuu limesimamishwa kando ya lami kama tangazo na kompresa inanguruma nyuma yake. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ya udereva yako kwenye lami hiyo, tairi jembamba linatosha. Limeandikwa ubavuni kwamba lisizidi kilomita 80 kwa saa, lakini huo ndio mwendo ambao mabasi na malori makubwa yanayomtangulia hayaruhusiwi kuuzidi kisheria, kwa hiyo hatachelewa sana kuliko abiria wa basi la Dar es Salaam. Cha kuangalia ni upepo. Tairi la muda hujazwa kilopaskali 420, yaani psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida la gari dogo, na fundi akilijaza kwa mazoea litakuwa limelegea kabla halijafungwa.

Hali hubadilika mara tu gari linapoiacha lami. Chukua njia ya kutoka Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, kupanda kuelekea Kikondo na uwanda wa Kitulo, ambako pikapu hufuata viazi, mbao au wageni wa hifadhi. Kinachoharibu tairi katika njia za namna hiyo mara nyingi si msumari. Ni jiwe lenye ncha lililofukuliwa na mvua, linaloukata ubavu wakati gurudumu linateleza kutoka kwenye tuta la katikati. Mkato wa ubavuni wenye urefu wa kidole haurekebishwi kwa dawa wala kwa uzi wa mpira. Dawa ya kuziba imetengenezwa kwa matundu madogo, milimita chache, yaliyo kwenye sehemu inayokanyaga barabara, nayo ina tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuisoma. Aliyepewa chupa na pampu badala ya tairi, akikatika ubavu kule juu, atabaki kusubiri gari lingine.

Mwenye tairi jembamba yuko nafuu kidogo, ila kazi yake ni ndefu kuliko anavyodhani. Tuseme tairi la nyuma ndilo lililokatika, na gari lina difu, gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya ekseli, yenye mfumo wa kuzuia gurudumu moja kuzunguka bure. Miongozo mingi ya magari ya namna hiyo hukataza kufunga tairi la saizi tofauti kwenye ekseli inayosukuma, kwa sababu difu hiyo hulazimika kufanya kazi mfululizo na kuchemka. Dereva hana budi kuhamisha tairi zima la mbele kwenda nyuma, kisha afunge jembamba mbele. Jeki inapigwa mara mbili. Udongo wa huko ukishanyeshewa hauibebi jeki, nayo inazama huku gari likibaki palepale, mpaka utafutwe ubao au jiwe bapa la kuiwekea chini. Aliyewahi kufanya hivyo saa kumi na moja jioni, ukungu ukishuka, hahitaji kuelezwa thamani ya tairi linalofungwa popote.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo hili. Tairi jembamba limeundwa limfikishe dereva kwa fundi, ilhali la saizi kamili linamwacha aendelee na kazi aliyoitokea. Kama fundi yuko kilomita kumi mbele, kuna tofauti ndogo kati ya hayo mawili. Gari linapokuwa kaskazini ya Makongolosi kuelekea Rungwa, limebeba mapipa ya dizeli ya wachimbaji wa dhahabu, tofauti inakuwa siku nzima na pengine mzigo wenyewe, kwani tairi la muda halijatengenezwa kwa mwendo mrefu wa vumbi na mashimo huku tani moja ikiwa juu yake.

Watetezi wa tairi kamili, nikiwamo, huwa hatulisemi tatizo moja: tairi hilo humdekeza dereva. Jembamba lina lebo ya rangi kali na sura ya dharura, kwa hiyo anayelifunga huenda kwa fundi siku hiyohiyo. La saizi kamili likishafungwa, gari linaonekana zima, na tairi lililoharibika hutupwa kwenye bodi likafunikwa na magunia hadi pancha nyingine itakapotokea, ndipo dereva akumbuke kwamba hana akiba. Kwenye magari ya ofisi, ambako mtu anayeendesha Jumatatu si yule wa Ijumaa, hili ni la kawaida mno.

Umri nao ni tatizo. Tairi la akiba lililoning'inia chini ya bodi kwa miaka kumi lina meno mapya na mpira uliozeeka. Watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita hata kama halijalika, na wengi huiweka miaka kumi kuwa kikomo kisichovukwa. Tarehe yake imeandikwa ubavuni mwishoni mwa herufi za DOT, kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuteremka mlima wa Kitonga na mzigo juu ya tairi lenye nyufa, kwa sababu tu meno yake yanang'aa, ni hatari kuliko kwenda pole na lile jembamba. Tena tairi linaloning'inizwa kwa waya wa winchi hupokea matope yote ya masika, na waya usiposhushwa na kupakwa grisi mara kwa mara hushika kutu ukagoma siku unapohitajika.

Dawa ya matatizo hayo mawili inajulikana: kulizungusha tairi la tano pamoja na mengine. Matairi manne yanayodumu kilomita 50,000 yakizungushwa yakiwa matano, kila moja hupumzika moja ya tano ya safari, na seti nzima inafika kilomita 62,500. Kwa hesabu hiyo fedha ya tairi la akiba haikupotea, ililipwa mapema tu. Nakiri kwamba ni wachache wanaofanya hivyo, na wanaofanya wanahitaji tairi la tano lifanane na mengine kwa aina, plai (tabaka za nyuzi zinazolipa nguvu) na saizi, jambo ambalo neno «saizi kamili» kwenye profoma haliahidi.

Neno hilo ndilo linalostahili kusomwa kwa miwani. Muuzaji anaweza kuita kamili tairi lenye kipenyo kinachokaribiana na cha mengine ingawa rimu ni ya inchi tofauti, na si lazima awe anadanganya. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776, na la 265/60R18 lina 775. Mradi rimu ya inchi 17 inaipita breki bila kugusa na matundu ya nati yanalingana, la kwanza linaweza kuwa akiba nzuri ya la pili, tena kwa rimu ya chuma isiyotamaniwa na wezi wa usiku. Lakini la 255/70R16 lina milimita 763. Pungufu hiyo ya milimita 13 inaonekana ndogo, ila maana yake ni kwamba gurudumu dogo linapozunguka mara 410, ambazo kwa kubwa ni kilomita nzima, lenyewe linakuwa limekwenda mita 983 hivi. Kwenye lami kavu, dereva akiwa ameunganisha magurudumu yote manne kwa transfa (gia inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) isiyo na difu ya kati, tofauti hiyo haina pa kutokea isipokuwa kwenye gia na shafti. Kwenye tope magurudumu huteleza na kuipunguza, na ndiyo maana wengi hawaijui mpaka siku wanaposahau kurudisha gia ya kawaida baada ya kuingia lami pale Isyonje.

Namba ya mzigo, iliyoandikwa ubavuni baada ya saizi, pia isomwe. Tairi lenye namba 112 linabeba kilo 1,120, na la 114 linabeba 1,180. Akiba yenye namba ndogo kuliko ile iliyoainishwa kwa gari, hata kipenyo kikilingana, si akiba ya gari la mzigo. Vihisi vya upepo ninavipita haraka: tairi la tano lisipokuwa nacho, taa ya dashibodi itawaka, na taa hiyo haimzuii mtu kufika.

Kuna wanaosema ni afadhali kuacha nyongeza ya kiwandani na kutafuta tairi na rimu baadaye katika maduka ya Mbeya, kwa bei ya kupatana. Kwa gari ambalo kishikilio chake kinaweza kupokea tairi pana, ushauri huo ni mzuri. Kwa baadhi ya magari, hata hivyo, aliyeagiza na tairi jembamba hupata pia kishikilio kidogo, jeki ndogo, na nafasi ambayo tairi kamili haliingii, hivyo tairi alilonunua kwa bei nafuu linaishia kufungwa kwa kamba ndani ya bodi likila nafasi ya magunia mawili. Swali la kumuuliza wakala kabla ya kusaini ni hilo la kishikilio, na jibu liandikwe.

Ugumu mwingine hauko kwenye gari. Katika taasisi, anayekata mstari wa tairi ni mtu wa manunuzi, na anayeulipia mkato huo ni dereva. Mkaguzi ataona fedha iliyookolewa, kwa kuwa ina tarakimu, lakini hakuna fomu inayorekodi chanjo zilizoharibika kwa joto au mkutano wa kijiji ulioahirishwa kwa sababu gari lilikwama na ubavu uliokatika. Ningependa orodha ya mahitaji ya gari ipitie mezani kwa dereva kabla ya kwenda kwa wakala, hata kama ataongeza vitu ambavyo havina maana.

Kwa pikapu itakayofanya kazi nje ya lami, basi, nyongeza hiyo ningeilipia bila kusita, kwa rimu ya chuma na tairi la aina ileile. Na kwa gari la Rungwa au la njia za ndani ya Hifadhi ya Ruaha nisingeishia hapo, kwa kuwa jiwe lililokata tairi moja huwa na wenzake mbele. Huko ni akiba mbili, ya pili ikiwa tairi tupu bila rimu, pamoja na vyuma vya kulivulia tairi na pampu yenye nguvu. Anayeagiza gari la kwenda ofisini Mbeya mjini, uwanja wa ndege wa Songwe na mara mojamoja Tunduma, fedha hiyo anaweza kuitumia kununua kipimo kizuri cha upepo, na alipime hata lile tairi jembamba.