Nusu kilo ya mfupa

Jana Jumamosi nimepimiwa nusu kilo ya mbuzi mnadani Msalato, hapa Dodoma. Nimefika mezani nahesabu, mifupa mitano na mnofu wa kuziba jino. Mi mtu mzima, nina kitambulisho cha NIDA, nakabidhiwa goti.

Nikarudi kwa mchomaji na heshima zangu zote, nikamsalimu Kigogo. "Kijana, mbukwa." Akaitika vizuri tu, panga linatua kwenye gogo, vipande vya mfupa vinarukia shati langu la kanisani. Namuuliza hii nyama au masalia ya fisi? Ananiambia "mzee, mbuzi kaja na mifupa yake, mi nimpeleke wapi?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Sasa kosa nililofanya nilienda na mpwa wangu, yuko chuo mwaka wa pili, siku hizi hali nyama. Anakula ndizi na kachumbari huku anamwangalia mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko. "Mjomba, huyu naye anaumia." Mwanangu, mi mwenyewe naumia, tena naumizwa hapa hapa kwenye mizani! Akatoa simu akaanza somo mbele ya mchomaji, ati mwaka 2013 kule London walikaanga baga ya nyama ya ng'ombe iliyooteshwa maabara kutoka kwenye seli, hakuna kuchinja, kazi ya profesa wa Uholanzi anaitwa Mark Post, na baga hiyo moja ilikula zaidi ya dola 300,000 (kwa hela hiyo nanunua mnada wote na vumbi lake), halafu 2020 Singapore wakaruhusu kuku wa namna hiyo auzwe.

Mchomaji akashusha panga, mara ya kwanza tangu nimemkuta.

"Sista, hiyo nyama ina mfupa?"

"Haina."

"Utumbo je? Kichwa cha supu?"

"Hakuna."

Akawaza weee. "Sasa mteja unampimia nini?"

Jamani, pale pale nikaokoka. Haina mfupa! Nikasimama kutetea maabara mpaka mate yananitoka, nikamgeukia yule mbuzi nikamwambia vumilia mwanangu, wataalamu wako njiani. Kisha nikakaa nikafyonza mifupa yangu mpaka uboho, si nimeshalipia?

Mzee mmoja pembeni akatia neno, kwamba kwa Wagogo wa zamani ng'ombe alikuwa wa mahari, sio wa kila Jumamosi, watu walishiba ugali wa uwele na mlenda. Nikamwambia mzee wangu sawa, ila nakuona una sahani ya maini.

Kurudi ndio balaa, bajaji katupakia wanne na majogoo mawili, moja limenidonoa kidole njia nzima, nashuka ati chenji hana, "mzee nitakutafuta." Utanitafuta wapi wewe, namba yangu yenyewe hujaomba!