Norstein na koti lisilokwisha

Ukungu ule wa katuni ya *Kalunguyeye Ndani ya Ukungu* ni karatasi tu. Yuri Norstein alilaza kikaragosi cha kalunguyeye juu ya kioo, akakifunika kwa karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, kisha akaanza kuiinua karatasi ile kuelekea kwenye kamera iliyokuwa juu yake. Anaiinua kidogo, anapiga fremu moja. Anaiinua tena, anapiga nyingine. Kadiri karatasi inavyopanda ndivyo mnyama anavyofifia, mpaka mbele yako panabaki weupe mtupu, na wewe mtu mzima unashikwa na hofu ya mtoto aliyepotea njia.

Nimeanza na karatasi hiyo kwa sababu ubishi wote juu ya Norstein ni ubishi juu ya subira ya namna ile: ilimfikisha wapi, na ilimkwamisha wapi. Mwongozaji huyu wa Kirusi ametengeneza katuni mbili ambazo watu wa fani yake wamezipigia kura kuwa bora kuliko zote duniani. Huyo huyo alianza filamu ya *Koti* mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo watazamaji wanaisubiri. Wako wanaomheshimu kama mtawa aliyekataa kuuza sanaa yake. Wako wanaosema kazi imemshinda na watu wanaona haya kumwambia. Mimi nampenda sana, na ndiyo maana sitaki kuishia kumsifu.

Alizaliwa Septemba 1941 katika kijiji cha Andreyevka, mkoa wa Penza, familia yake ya Kiyahudi ikiwa imehamishwa huko kwa sababu ya vita. Akakulia Maryina Roshcha, Moscow, katika nyumba ya mbao iliyokaliwa na familia nyingi pamoja. Kabla ya kuingia kwenye katuni alifanya kazi kiwanda cha samani, na nahisi useremala ule haukumtoka maisha yake yote, kwani filamu zake zimekatwa, zikapigwa msasa na kuungwa kipande kwa kipande. Mwaka 1961 alianza kazi Soyuzmultfilm, studio kubwa ya katuni ya Urusi ya Kisovieti, na kwa miaka kadhaa alikuwa akichezesha vikaragosi katika filamu za wenzake.

Namna anavyofanya kazi inahitaji kuelezwa, maana bila hiyo hukumu yoyote itakuwa ya kubahatisha. Vioo kadhaa vinapangwa kwa tabaka, kimoja juu ya kingine, vikiwa vimeachana, na kamera inatazama chini kutoka juu. Mti uko kioo kimoja, nyasi kingine, mnyama kingine. Mnyama mwenyewe si mchoro mmoja. Ni vipande vidogo vya plastiki laini vilivyochorwa na mke wake, msanii Francheska Yarbusova: kope, pua, kidole, mkunjo wa shavu. Norstein anavisogeza kwa kibanio, anapiga fremu, anavisogeza tena. Aliyesimamia kamera na taa katika kazi zake kadhaa, ikiwemo *Koti*, alikuwa Aleksandr Zhukovsky. Filamu ikionyeshwa, fremu 24 hupita kila sekunde. Kwa hiyo ukiona jicho limefumba na kufumbua, elewa kwamba pana mtu aliyeinama juu ya kioo kwa muda mrefu kwa ajili ya jicho hilo.

Kwa njia hiyo zilizaliwa kazi kubwa. *Kalunguyeye Ndani ya Ukungu* ya mwaka 1975 ina dakika kama 10 tu. Kalunguyeye amebeba jamu kwenye kitambaa, anakwenda kwa rafiki yake dubu ili wanywe chai na kuhesabu nyota. Njiani anamwona farasi mweupe amesimama ndani ya ukungu, anajiuliza kama farasi akilala atazama, anashuka kuona ndani ya ukungu kukoje, na anapotea. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Mwaka 2003, huko Tokyo, watengenezaji katuni wapatao 140 kutoka nchi mbalimbali waliulizwa ni katuni ipi bora ya zama zote, na hii ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza.

Ya pili katika orodha hiyo ilikuwa yake pia, *Hadithi ya Hadithi* ya mwaka 1979, ambayo tayari ilikuwa imepigiwa kura kuwa bora kuliko zote mjini Los Angeles mwaka 1984. Humo mna sehemu ambayo sijaweza kuitazama bila kusimamisha pumzi. Wanawake wanacheza tango na wanaume wao chini ya taa, wakati wa vita. Muziki unakwaruza, unakwama kidogo, na kila unapokwama mwanamume mmoja anatoweka mikononi mwa mwanamke. Mwanamke anabaki mikono ikiwa bado imeinuliwa, imemshika mtu asiyekuwepo. Wakuu wa sinema hawakuipenda filamu hiyo, wakataka jina lake la kwanza, lililotoka kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto, libadilishwe. Ilipita, na nadhani ilisaidia kwamba mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Taifa kwa kazi zake zilizotangulia.

Sasa lije koti. Hadithi ni ya Nikolai Gogol, ambaye tamthilia yake ya mkaguzi wa serikali imewahi kutafsiriwa kwa Kiswahili. Akaki Akakievich ni karani maskini wa Petersburg, kazi yake kunakili nyaraka, na anazipenda herufi kama mwingine anavyopenda watoto wake. Anajinyima chakula hadi anapata koti jipya la baridi, linaibwa, anakufa, na mzuka wake unarudi kuwavua watu makoti. Norstein alipanga filamu ya takriban saa moja. Katikati ya miaka ya 1980 studio ikamfukuza, sababu ikiwa ni kwenda polepole: miaka ilikuwa imepita na alikuwa na dakika kama 10 tu. Tangu hapo amefanya kazi katika studio yake ndogo mjini Moscow, bila kukubali kompyuta, na jumla ya kilichojulikana kuwa tayari ni dakika 25 hivi.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Studio ilijua inamwajiri nani. Iliwahi kupokea kwa mikono miwili sifa za filamu zilizotengenezwa kwa mwendo ule ule, kisha ikamwadhibu kwa mwendo huo. Muda si mrefu dola ya Kisovieti ikavunjika na fedha za serikali zikakauka. Mtu ambaye angekuwa mezani kwake alilazimika kutafuta riziki kwa kufundisha, kutoa mihadhara na kutengeneza matangazo ya sukari ya televisheni. Mwaka 1999 Zhukovsky akafa. Watu wanaotaja miaka 40 kama namba ya uvivu huyaruka haya yote. Na pia hakukaa bure: mwaka 1993 yeye na wenzake watatu, akiwemo mwongozaji mkongwe wa katuni Fyodor Khitruk, walianzisha Shar, shule na studio ya katuni ambayo imetoa waongozaji wengi. Mwaka 2003 alitengeneza sehemu ya kwanza ya filamu ya Kijapani iliyokusanya watengenezaji katuni 35 na zaidi, kila mmoja na ubeti wake wa shairi la kale, na sehemu hiyo aliimaliza.

Hilo neno, aliimaliza, ndilo linalonisumbua.

Ukitazama miaka ya kazi zake za Soyuzmultfilm, utaona mwaka 1973 alitoa hadithi ya mbweha na sungura, mwaka 1974 ya ndege wawili wanaochumbiana na kukataana bila kikomo, mwaka 1975 kalunguyeye. Filamu tatu kwa miaka mitatu, kwa vioo vile vile, vibanio vile vile, mke yule yule akichora. Mtu huyu hakuwa konokono. Kwa hiyo hoja kwamba mbinu yake haiwezi kwenda haraka zaidi inakanushwa na yeye mwenyewe, na wanaoirudia wanamvunjia heshima bila kujua.

Kisha yuko Aleksandr Petrov, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake Moscow. Petrov hupaka rangi ya mafuta juu ya kioo kwa ncha za vidole, anapiga fremu, anafuta kidogo, anapaka tena. Ni kazi ya kuchosha pengine kuliko ya mwalimu. Alichukua hadithi ya Hemingway ya mzee na bahari, akaifanyia kazi Kanada kwa zaidi ya miaka miwili, akatoa filamu ya dakika 20 mwaka 1999, na mwaka uliofuata akapata Oscar. Hakutumia njia ya mkato. Ila alikuwa na mtayarishaji, mkataba, watu wa kamera, na siku ya kukabidhi kazi.

Hapo ndipo ninaposimama. Kumfukuza Norstein lilikuwa kosa kubwa, na kosa lenyewe si kwamba walimnyima muda. Muda alikuja kuupata mwingi mno. Walimnyima kuta. Soyuzmultfilm, pamoja na wakaguzi wake waliobadilisha majina ya filamu, ilikuwa na maabara, wahariri, wanamuziki, na mtu wa kugonga mlango na kuuliza filamu iko wapi. Norstein alipotoka humo alibeba kipaji chake chote lakini hakuweza kubeba nyumba. Baadaye Zhukovsky alipokufa liliondoka jicho la tatu katika kikundi cha watu watatu, na aliyewahi kufanya kazi ya mikono na mwenzake kwa miaka mingi anajua kwamba mtu huyo haajiriwi tena kwa tangazo.

Lakini sikubali pia kwamba lawama yote iko nje yake. Baada ya miaka ya 1990 alipata wafadhili, wakiwemo wenye uwezo mkubwa. Angeweza kufupisha saa moja ikawa nusu saa. Angeweza kuwaachia vijana wa Shar baadhi ya vioo. Aliamua kutofanya hivyo, na uamuzi huo una gharama kwa wengine: kwa Yarbusova, ambaye michoro yake bora ya nusu ya maisha inawafikia wachache tu, kwa Zhukovsky, aliyeondoka bila kuiona kazi yake kwenye ukumbi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyoumia hapa si ya mashabiki peke yao.

Ninachotamani ni kwamba dakika zile 25 zitolewe rasmi kama zilivyo. Vipande vyake vimekuwa vikionyeshwa kwenye mihadhara na maonyesho, na ukivitazama huoni kama unatazama jaribio. Akaki anarudi chumbani, anavua, anapasha mikono yake moto kwenye mshumaa, anakaa kunakili. Midomo yake inatamka herufi kabla kalamu haijaigusa karatasi. Uso mzima unatetemeka kwa furaha ndogo ya mtu ambaye hana kingine duniani. Atakayesema hiyo si kazi iliyokamilika anahesabu dakika tu.

Gogol mwenyewe mwaka 1852, siku chache kabla ya kufa, alichoma moto sehemu ya pili ya riwaya yake *Roho Zilizokufa*. Kurasa zilizonusurika zimechapishwa, zina mapengo, sentensi nyingine zinakatika njiani, na Warusi wanazisoma mpaka leo bila mtu kumdai mwandishi zilizobaki. Norstein hajachoma chochote. Vipande vyake vipo, vimehifadhiwa ndani ya bahasha na masanduku kule Moscow, kope kwa kope.