Valproeti kwa mwanamke anayeweza kushika mimba: iachwe au ibaki?

Kati ya watoto 100 waliopata sodiamu valproeti, dawa ya kifafa na baipola, wakiwa tumboni, takriban 10 huzaliwa na kasoro kubwa, mgongo wazi ikiwemo, na 30 hadi 40 huchelewa kusema, kutembea au kuelewa masomo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hii isitumike kwa wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba.

Kwa baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno, tunaukubali ushauri huo bila kusita, maana mania, yaani kule kupanda, ina dawa nyingine za kuituliza. Kifafa ni kigumu zaidi. Kuna kile cha ujana ambacho asubuhi mikono hushtuka ghafla hadi kikombe kinadondoka: valproeti hukidhibiti vizuri kuliko nyingi, ilhali kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, huweza kukizidisha. Na kuanguka kifafa wakati wa ujauzito kunaweza kumuua mama pamoja na mtoto. Anayeikatiza dawa kwa woga hujiweka kwenye hatari ya degedege lisilokoma.

Lamotrijini, nayo dawa ya kifafa, ni salama zaidi kwa mimba, ila haitaki haraka. Mtu mzima asiyetumia dawa nyingine ya kifafa huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 50 kwa wiki mbili, ndipo ipandishwe taratibu. Ikikimbizwa, huweza kuleta upele unaobabua ngozi na kuua. Kosa hutokea hasa wakati wa kubadilisha: valproeti huizuia lamotrijini isitoke mwilini, hivyo kipimo cha kuanzia hushushwa hadi miligramu 25 siku moja baada ya nyingine. Aliyeiacha lamotrijini zaidi ya siku tano asirudie kipimo cha zamani kabla ya kumwona daktari. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipunguza mwilini karibu nusu, na mimba yenyewe huishusha pia, kwa hiyo kipimo huhitaji kuangaliwa upya.

Aliyegundua ana mimba akiwa kwenye valproeti aendelee kumeza na aende kliniki wiki hiyohiyo. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hajajua, hivyo mabadiliko ya dawa yafanyike kabla ya mimba. Foliki asidi miligramu 5 hupewa mapema, lakini haiondoi hatari ya valproeti. Kumhamishia mama kwenye fenobabitoni, dawa ya zamani ya kifafa, kwa kuwa ndiyo iliyopo zahanati si suluhisho: nayo ina madhara kwa mimba, na hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki hivyo.