Bembea ya mtoto katika chumba cha futi 10 kwa 10

Mwulize dalali yeyote wa Dar es Salaam ukubwa wa chumba cha kupanga, atakujibu futi 10 kwa 10 kabla hajafungua mlango. Kitanda cha tano kwa sita kinameza karibu theluthi ya chumba hicho. Ukishaweka kabati, meza ya televisheni, mtungi wa gesi na ndoo za maji, kinachobaki ni kipande cha sakafu ambacho mchana kinatandikwa mkeka na usiku ndiyo njia ya kwenda mlangoni. Kwenye kipande hichohicho ndipo wazazi wengi siku hizi wanataka kuweka bembea ya mtoto mchanga, ile ya miguu ya chuma, kiti chenye mito, mota na nyimbo. Wengine wanaiona mkombozi, wengine wanaiona anasa ya watu wenye sebule. Kila upande una hoja, ila si zote zina uzito.

Nianze na wanaoitetea, kwa sababu hawasikilizwi vizuri. Kilio cha mtoto mchanga kina kalenda yake: huanza kuongezeka wiki ya pili hivi, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Mara nyingi huchachamaa jioni. Kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vinavyotazamana kwenye korido, ambako kuta hazifiki hadi juu ya dari, kilio cha saa tano usiku ni mali ya wapangaji wote, na asubuhi kuna macho ya kukutana nayo pale bombani. Sheria ya kazi Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku 3. Siku ya nne mama yuko peke yake, pengine na mshono wa upasuaji, na bibi yuko Singida anasubiri mavuno yaishe. Kifaa kinachomtuliza mtoto dakika ishirini ili mama aoge, ale na asonge ugali si anasa kwa mtu wa hali hiyo. Anayekicheka huwa ana dada wa kazi.

Upande wa pili hukimbilia kusema, “Mbeleko zipo, sisi tulilelewa mgongoni.” Hoja hii inapendwa sana lakini ni nyepesi. Mtu hakaangi samaki kwenye mafuta yanayochemka huku ana mtoto mgongoni, wala mama mwenye kidonda cha wiki mbili hafungi kanga tumboni akakaza. Isitoshe, mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka 5 unasema mtoto ambaye hajatimiza mwaka asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mara moja, na kati ya mifano iliyotajwa kuna kubebwa mgongoni. Kwa hiyo mbeleko na bembea ziko kwenye mizani moja. Tofauti ni kwamba mgongoni mtoto anasikia mwili wa mama, na mama anasikia pumzi ya mtoto.

Na pumzi ndiyo hoja nzito ya wanaopinga. Mtoto wa miezi ya mwanzo ana kichwa kizito na shingo isiyo na nguvu. Akisinzia kwenye kiti kilichoegama, kichwa huanguka mbele, kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa, ambayo kwake ni nyembamba na laini, ikabanwa. Hapigi kelele wala hahangaiki. Kwa anayemtazama kutoka kwenye jiko, amelala tu. Oktoba 2024, bembea za Fisher-Price aina ya Snuga, zaidi ya milioni 2, ziliitwa zirekebishwe Marekani baada ya taarifa za vifo vya watoto 5 wa kati ya mwezi mmoja na mitatu, vilivyotokea kati ya 2012 na 2022 pale bembea zilipotumika kama kitanda. Wengi wao hawakuwa wamefungwa mikanda, na ndani kulikuwa na matandiko ya kuongeza. Mzazi akiniambia amemwongezea mtoto mto ili “akae vizuri”, hapo ndipo moyo wangu unashtuka.

Sasa iingize kanuni hiyo kwenye chumba chetu. Madaktari wa watoto wanasema mtoto akisinzia kwenye bembea atolewe, alazwe chali mahali tambarare. Kwenye nyumba ya vyumba vitatu hilo ni kumpeleka kitandani kwake. Kwenye chumba kimoja, kitanda hichohicho kimekaliwa na mtoto mkubwa anayefanya homuweki, au kimejaa nguo zilizoanuliwa, na mama anajua akimgusa tu ataamka na kilio kitaanza upya. Atamwacha hapohapo, si kwa uzembe bali kwa sababu hana pa kumweka. Ufinyu wa nyumba ndio unaoigeuza bembea kuwa kitanda, na jambo hili silisikii likitajwa na wauzaji.

Halafu kuna mbu. Chandarua kinafunika kitanda. Bembea yenye fremu pana haiingii ndani yake. Saa za jioni ambazo mtoto analia na bembea inahitajika zaidi ndizo mbu wanaanza kuingia chumbani, na miguu ya mtoto iko wazi kwa sababu ya joto. Joto lenyewe ni kesi nyingine: mito ile minene ya poliesta imeshonwa kwa nyumba za watu wenye baridi. Machi ya Dar, mgongo wa mtoto unalowa hata feni ikiwa inazunguka.

Hata hivyo, kwangu mimi swali kubwa liko sakafuni. Mwongozo uleule wa 2019 unataka mtoto ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, angalau dakika 30 kwa siku kwa vipindi, ili shingo na mikono ipate nguvu. Mahali pa kufanya hivyo ni mkeka. Bembea kubwa ya miguu minne huchukua karibu nusu mita mraba ikiwa imesimama, na zaidi ikianza kuyumba. Kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, nusu mita hiyo ndiyo mkeka wenyewe. Chombo kilichonunuliwa kwa faida ya mtoto kinamnyang’anya mahali pa kujifunza kuinua kichwa, kisha anabaki amefungwa humo kwa sababu chini hakuna nafasi tena.

Kwa hiyo msimamo wangu uko hivi: nyumba ya chumba kimoja haihitaji bembea kubwa ya mota, iwe mpya au ya mtumba, hata kama ni zawadi. Inaweza kubeba kile kiti kidogo cha fremu ya waya na kitambaa cha wavu, kinachodundadunda mtoto mwenyewe akirusha miguu, au bembea ndogo ya kukunja inayokaa karibu na sakafu. Kikikunjwa kinaingia uvunguni au kinaning’inia kwenye msumari. Kitambaa cha wavu hakikusanyi joto, hakuna mota ya kuharibika, wala hakuna waya wa umeme unaokatiza njia ya ndoo. Hakitulizi kwa kiwango cha mota, hilo ni kweli, na mama wa mapacha ana haki ya kunibishia. Mwenye chumba na sebule, na mtu mzima wa pili wa kukaa na mtoto, naye ana sababu ya kufikiria mota.

Akiifikiria, asiangalie idadi ya nyimbo. Aangalie kama kiti kinaegama vya kutosha kwa mtoto mchanga, kama mikanda inapita kiunoni na katikati ya miguu, na kama fremu inakunjwa kwa mkono mmoja, maana isiyokunjika kirahisi haitakunjwa kabisa. Aipime kwa futi ikiwa inayumba: zile za kwenda ubavuni zinahitaji upana, zile za mbele na nyuma zinahitaji urefu. Na akishamaliza kuitumia aikunje. Mwaka 2022 bembea za 4moms aina ya MamaRoo, zaidi ya milioni 2, ziliitwa zirekebishwe kwa sababu mikanda ilining’inia chini ya kiti kikiwa kitupu. Watoto wanaotambaa walinaswa, na mmoja wa miezi 10 alifariki.

Bidhaa za mtumba zinataka jicho kali zaidi. Tangazo la kuondoa au kurekebisha bidhaa likitoka Marekani halimfikii mwenye kontena, wala kijana anayepanga bidhaa barabarani Kariakoo. Geuza kiti, soma jina la modeli kwenye lebo, litafute mtandaoni kabla hujatoa hela. Soma na adapta: iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi kwa umeme wetu wa volti 230, ila iliyoandikwa 120V pekee ukiichomeka moja kwa moja itaungua, na bembea utaitumia kwa betri zile kubwa za redio ambazo hazina bei ndogo. Kiti kilichopoteza mkanda usikinunue kwa bei yoyote, na fundi asikushonee mwingine wa kubahatisha.

Kuhusu bei, piga hesabu kwa miezi, si kwa shilingi peke yake. Bembea nyingi zinaishia kilo 9 hadi 11, lakini uzito si kikomo cha kwanza. Mtoto akianza kujiinua kutaka kukaa, ambako wengi hufika karibu na mwezi wa tano au wa sita, bembea imekwisha kazi yake hata kama ana kilo saba. Hapo ioshe, iuze mapema ikiwa bado safi, na mnunuzi mpe pamoja na mikanda yake yote na adapta iliyokuja nayo.