Eti Maduka ya Bei Chee Yanakua! Yanakuzwa na Nani Kama Sio Mimi?

Jamani mmewasikia hawa wachambuzi wa hisa? Eti mfumuko wa bei ukiwa mkali maduka ya bei chee yana matarajio mazuri ya ukuaji, na wanasema huku wanatabasamu, tai imekaa sawa, wamechora na mstari unapanda. Huo mstari ni mimi! Mfuko wangu ukitoboka ndo wao wanapanda, na gawio sijawahi kuliona.

Ila hawadanganyi. Uingereza mfumuko ulifika asilimia 11.1 Oktoba 2022, na mwezi mmoja kabla Aldi, lile duka la bei chee la Wajerumani, lilikuwa lishaipita supamaketi ya Morrisons, likawa la nne kwa ukubwa kati ya supamaketi za huko. Wanasema wateja "wanashuka ngazi", yaani wanahama maduka ya ghali kuja ya bei chee. Mi niko ngazi ya chini tangu zamani, sasa nishukie wapi, handakini?

Tena siku hizi wanaoshuka ni wenye hela zao. Juzi kwenye foleni mbele yangu kasimama bwana mmoja na miwani ya jua, ndani ya duka!, simu sikioni anaongelea mkutano na wawekezaji, na toroli lake kabeba zile sabuni zisizo na jina zoooote, rafuni kimebaki kibandiko tu. We bosi si una supamaketi yako yenye muziki laini, huku umefuata nini?

Halafu kwa keshia ndo balaa, pakiti zina alama za kuskani pande zote ili asipoteze hata sekunde kuzigeuza, mi bado nahangaika kufungua mfuko yeye kashataja jumla ananitolea macho. Ndo biashara yenyewe ilivyo, bidhaa chache zinazotoka haraka, nyingi za chapa yao wenyewe, wafanyakazi wa kuhesabu, vitu vinauzwa vikiwa kwenye maboksi yaleyale vilivyokuja nayo. Faida kiduchu kwa kila kitu, wanakula kwenye wingi.

Na sio wote wananenepa. Kule Marekani 99 Cents Only, yaani "Senti 99 Tu", maduka mengine ya bei chee, ilitangaza Aprili 2024 kwamba inafunga maduka yote, na mfumuko ulikuwa kwenye sababu walizotaja. Ukishaandika bei kwenye jina la duka, gharama zikipanda unajificha wapi? Wenzao Dollar Tree, ambao nao jina limebeba dola, waliamua liwalo na liwe, tangu mwishoni mwa 2021 vitu vya dola moja vikawa dola 1.25, kibao cha nje hawakukigusa.

Sasa tunaambiwa mfumuko umeshuka, nikakimbia dukani na furaha zangu zote, bei iko palepale! Kumbe ukishuka maana yake bei zinaendelea kupanda ila kwa mwendo wa taratibu, za zamani hazirudi ng'o. Aldi walishalijua hilo, Machi 2024 wakatangaza mpango wa kuongeza maduka 800 Marekani hadi mwisho wa 2028. Wanajua hatutoki. Hata yule bwana wa miwani nimemwona tena, safari hii kaja na mfuko wake kutoka nyumbani.